Babu wa Watu Kwenye Ukuta Wetu

Kwa miaka mingi nilimtundika babu wa watu ukutani kwangu. Nilimpangusa vumbi kila Jumamosi, nikawaonyesha wageni pua yake na kuwauliza, "Ona, si ndiyo hii yangu?" Wageni, kwa kuwa walikuwa wanakunywa chai yangu, walikubali. Haikuwa yangu. Nakiri mapema ili msomaji asiendelee kwa matumaini kwamba huko mbele nitajiokoa.

Kosa lenyewe ni mtoto wa uvivu. Mimi ni mtu wa nyumbani. Kuna watu waliozaliwa na miguu. Mimi nilizaliwa na kiti. Naishi Musaga, mtaa wa Bujumbura, natengeneza redio na pasi barazani, na kazi hiyo niliichagua baada ya sekondari kwa sababu pasi ikiharibika huletwa, huna haja ya kuifuata. Hata shuleni nilipenda jiografia, maana inakuzungusha dunia nzima makalio yakiwa palepale. Nyuma ya nyumba yetu unaliona ziwa, na ng'ambo ya ziwa milima ya Uvira, na upande ule ndiko tulikotoka. Anga ikiwa safi naiona Uvira kila jioni. Sijapata sababu ya kuifuata.

Nyumbani nakaa na shangazi, dada ya marehemu baba yangu, mzee ambaye macho yake yaliingia ukungu siku nyingi mpaka sasa anatofautisha mchana na usiku tu, na hata hapo anauliza. Yeye ndiye mwenye kopo. Ni kopo la biskuti ambalo biskuti zake hakuna aliye hai anayezikumbuka, na ndani yake mna picha za treni.

Msomaji wa Bujumbura atasema: treni ipi? Hapa kwetu treni ni kitu cha redioni. Inakuja kutoka Tanzania, iko njiani, imekaribia. Mimi siishangai, nami nikiitwa mjini hujibu hivyohivyo. Lakini ng'ambo, upande wa Kongo, zamani za Wabelgiji treni ilikuwepo. Ilikuwa ndogo, ya njia nyembamba, ikitoka bandarini Kalundu, ikipita Uvira, kisha ikikata bonde la Ruzizi kupitia kijiji cha Sange mpaka Kamanyola. Hapo milima iliiambia basi, na mizigo ya Bukavu ikaendelea kwa lori.

Picha zenyewe ni chache. Katika ya kwanza wanaume wamebeba chuma cha reli mabegani, majani yamewafika kiunoni, na Mzungu mwenye kofia ngumu anawaonyesha kwa kidole upande wa mbele, kana kwamba wangeweza kukosea. Ya pili ni bandari: marobota ya pamba yamepangwa kama nyumba za ghorofa, na juu ya robota moja kuna mtu amelala fofofo. Nikiitazama hiyo huona damu yetu, ingawa hakuna ushahidi. Ya tatu ni stesheni, yaani kibanda na kengele, na mbuzi amelala katikati ya reli. Shangazi husema yule mbuzi alikuwa hana wasiwasi kwa sababu treni ilikuwa inapiga kelele tangu kijiji cha mbele, na mbuzi alikuwa na muda wa kumaliza ndoto. Ya mwisho inaonyesha behewa lisilo na magurudumu, limezama majanini, na watoto wamekaa juu yake. Reli zilikuwa zimeshang'olewa. Mmoja wa wale watoto, yule aliyetoa ulimi, ni shangazi.

Katikati ya hizo kuna picha kubwa, picha ya ukoo: kichwa cha treni kimesimama, na wafanyakazi wote wamejipanga mbele yake, juu yake na ubavuni mwake. Kampuni ilimpa kila mmoja nakala yake. Hilo likumbuke, msomaji. Mimi sikulikumbuka.

Shangazi siku zote alisema neno moja tu: "Baba alifanya kazi kwenye treni." Basi. Cheo cha udereva nilimpa mimi mwenyewe, barazani, mbele ya wateja, kidogokidogo. Mwaka wa kwanza alikuwa anamsaidia dereva. Mwaka wa pili dereva aliumwa. Mwaka wa tatu yule dereva wa mwanzo sikumtaja tena.

Basi siku moja nikashuka mjini, safari niliyoitangaza wiki nzima, nikaipeleka ile picha kwa fundi wa picha ili anitolee babu peke yake, mkubwa, wa kutundika. Fundi, mwanamke mwenye haraka, akaiweka kwenye mashine na kuniuliza, "Ni yupi?"

Nikagundua sijui. Baba alikuwa amefariki bila kunionyesha. Shangazi alikuwa anajua, lakini shangazi alikuwa Musaga. Kurudi Musaga, kuuliza, kisha kushuka mjini tena? Safari mbili kwa mtu mmoja? Nikawatazama wale wanaume safu kwa safu. Pale penye mlango wa injini alisimama mmoja mrefu, kofia ameilaza upande, masharubu yamechongwa, mkono mmoja juu ya chuma kama mtu aliyeshika bega la rafiki.

"Huyu," nikasema.

"Una hakika?"

"Mama, huoni pua?"

Akamkata, akamkuza, akamtia ndani ya fremu yenye maua ya dhahabu. Nilipofika nyumbani nilimwambia shangazi, "Nimekuletea baba yako." Shangazi akapapasa kioo, machozi yakamtoka. Tangu siku ile, kila asubuhi kabla ya chai, alijikokota mpaka ukutani na kumsalimu. Alimpa habari za bei ya mkaa. Alimlalamikia goti lake.

Mtu mmoja tu hakuridhika: jirani yangu, mama anayeuza ndagala, dagaa wa ziwani, mlangoni pake. Ana mdomo usio na pazia. Siku ya kwanza aliitazama picha, akanitazama mimi, akairudia picha, akasema, "Mm." Nilimuuliza maana ya "mm". Akasema, "Hakuna. Nitasema siku ingine."

Sasa turudi mwaka huu. Kaka yangu aliniachia binti mmoja, nami nikamlea kwa kadiri mtu aliyekaa anavyoweza kulea. Ni mwuguzi, ana akili, ana miguu ya mama yake. Akampata kijana wa mtaa wa Gihosha, mpole, mtu wa kanisa, na nyumba mbili zikapanga siku ya posa. Binti akanijia barazani, akachutama mbele yangu kama anayeleta pasi.

"Baba mudogo, nakuomba kitu kimoja."

"Sema, mama."

"Siku ile usiongee sana."

"Mi? Mi huwa naongea?"

"Usianze na treni. Wale wageni wako na adabu, hawataweza kukukatisha. Watakaa mpaka usiku. Mi namupenda yule kijana, baba mudogo. Usimuchokeshe kabla hajanioa."

Niliahidi. Nilimaanisha, pia.

Siku yenyewe ikafika. Wageni wakaja alasiri, kasiye, yaani kreti, za bia na za soda zikatangulia, kisha wazee. Msemaji wao alikuwa baba mkubwa wa kijana, mtu mnene mwenye miwani. Nyuma yake alikuja bibi wa yule kijana, mama mzazi wa huyo msemaji, mzee mkavu kama ufito, akiwa ameshikwa mkono. Kijana mwenyewe aliketi mwisho wa benchi amebana magoti kama mtu anayengoja sindano. Upande wetu tulikuwa mimi, msemaji wa nyumba kwa kuwa wanaume wengine wa ukoo wamekwisha au wako mbali, na shangazi kwenye kiti chake chini ya ile fremu. Jirani alikuwa amekuja kutusaidia kupika, yaani alisimama mlango wa jikoni na mwiko, asipitwe na neno. Binti, kwa desturi, alikuwa chumbani nyuma ya pazia mpaka aitwe. Pazia letu ni fupi. Viatu vyake vipya vilionekana.

Msemaji wao akaanza vizuri kabisa. "Sisi tulikuwa tunapita zetu," akasema. "Ndama wetu wa dume alikatika kamba huko Gihosha, tukafuata nyayo, nyayo zikaingia hapa Musaga. Tunauliza tu: hamukumuona?"

Nami nikamjibu kama inavyotakiwa, "Ndama? Hapa wanaingia wengi. Wengine tunawafukuza na fagio. Wenu ana alama gani?"

Watu wakacheka. Nilikuwa nakwenda vizuri, niseme ukweli. Tukazungushana hivyo muda, yeye akimsifu ndama, mimi nikimtia kasoro, mpaka akafungua mdomo kutamka ombi lenyewe. Hapo macho yake yakapanda ukutani. Akavua miwani, akaifuta na shati, akaivaa tena.

"Samahani, muzee mwenzangu," akasema. "Ule mutu kwenye ukuta ni nani?"

Msomaji, niliahidi kutoanza na treni. Lakini je, mimi ndiye niliyeanza? Niliulizwa! Nikasimama. Nikavuta koti.

"Yule," nikasema, "ni babu yangu, aliyemzaa baba yangu huko Sange. Dereva wa treni ya Uvira! Aliitoa Kalundu mpaka Kamanyola hakuwahi kugonga hata kuku. Itazameni pua."

Nyuma ya pazia nikasikia mtu anavuta pumzi.

Hakuna aliyetazama pua yangu. Bibi yake kijana alikuwa amesimama bila kushikwa. Akaenda mpaka ukutani, akasogeza uso karibu na kioo, akalia, "Baba! Huyu ni baba yangu! Hata sisi tuko na ile foto nyumbani! Kofia, masharubu, ni yeye!"

Nyumba nzima ikapiga vigelegele. Msemaji akanikumbatia, tumbo lake likanisukuma nyuma. "Ndugu yangu! Kumbe sisi ni damu moja! Babu mmoja!" Tukapigana mapaja, tukaitana majina ya udugu. Nilikuwa na furaha kweli. Maisha yangu yote nimekaa nyumbani, na leo ukoo ulinifuata huko huko.

Furaha ilidumu kiasi cha kufungua chupa. Kisha ikakatwa kutoka mwisho wa benchi, na kijana. Alikuwa ameacha kubana magoti.

"Baba mukubwa," akasema polepole, "kama babu ni mumoja, basi mi na yeye…"

Kwetu wanaotoka kwa babu mmoja hawaoani, hata wawe wamekutana jana. Msemaji akaketi, benchi ikalia. "Mungu wangu," akasema. "Tumekuja kuposa dada yetu."

Bibi yake kijana ndiye aliyekuwa wa kwanza kupata akili, na akili yake haikutusaidia. Alikuwa anahesabu kwenye vidole. Kisha akamgeukia yule mtu wa ukutani. "Kumbe!" akamwambia. "Kumbe zile safari! Mama anakungoja na ugali Uvira, we unasema injini imeharibika, unalala njiani! Injini! Kumbe injini yenyewe ilikuwa Sange, inazaa batoto!"

"Mama, amekufa," msemaji akajaribu.

"Amekufa amenificha!"

Hapo nikaona nilichofanya. Nilikuwa nimemwoza dereva mke wa pili, nikamzalisha, nikamtia fedheha kaburini, mtu ambaye kosa lake lote lilikuwa kulaza kofia upande. Ningekaa kimya, fremu ingebaki yangu, pua ingebaki yangu, na binti angebaki nyuma ya pazia. Nikavitazama vile viatu. Vilikuwa vimegeukia ndani, kisigino kimoja juu ya kingine, kama alivyokuwa akisimama alipokuwa mdogo akingoja kuchapwa. Kwenye maisha yangu nimeshindwa kusimama mara nyingi, na ile mara nilikuwa nimeshasimama tayari, ilibaki kusema.

"Siyo babu yangu," nikasema.

"Nani?"

"Huyo. Mi sijui ni nani. Nilikuwa mjini, fundi akaniuliza ni yupi, sikutaka kurudi Musaga kuuliza. Nikachagua aliye mzuri."

Msemaji akakunja uso. "Muzee mwenzangu, unasema hivi juu ya kufunika aibu?"

"Aibu ndiyo hii ninayoifunua!"

Sauti ikatoka kwenye kiti chini ya fremu. Wote tulikuwa tumemsahau shangazi.

"We mutoto," akasema. "Kila asubuhi nilikuwa namusalimia bwana wa watu?"

"Nisamehe, shangazi."

"Nimemuambia habari za goti langu!"

Bibi yake kijana akageuka. "Alikujibu?"

"Apana. Hata siku moja."

"Basi ni baba yangu kweli. Hata sisi alikuwa hajibu."

Shangazi akanyoosha mkono. "Leteni kopo."

Nikaleta kopo. Nikaitoa ile picha kubwa, nikamwekea magotini, ingawa haikumsaidia kitu. "Baba yangu hakuwa dereva," akawaambia wageni. "Huyu mutoto ndiye aliyemupandisha cheo, nilikuwa namusikia huko barazani. Nilidhani ni heshima. Baba alikuwa anatia kuni kwenye moto wa treni. Sisi tulikaa Sange. Angalieni kwenye kuni."

Kijana alikuwa wa kwanza kuinama. Akaipiga picha ile kwa simu yake na kuanza kuikuza. Nyuma ya injini, mbali na safu ya watu waliojipanga, palikuwa na rundo la kuni ambalo mimi, katika miaka yote ya kuonyesha pua, sikuwahi kulitazama.

"Kuna kichwa," kijana akasema. "Kuna mutu nyuma ya kuni. Anaonekana nusu."

"Anatazama mupiga foto?" shangazi akauliza.

"Apana, bibi. Hata hatazami."

"Anafanya nini?"

Kijana akakuza zaidi, mpaka pua yake ikagusa simu. "Naona… anakula. Anakula muwa."

Shangazi akapiga mikono. "Ni baba! Wengine wanapigwa foto, yeye anakula! Mama alikuwa anasema ule mutu atakula hata siku ya kuzikwa kwake. Ni yeye! Ana masikio?"

"Yako nje sana, bibi."

"Ni baba."

Bibi yake kijana akaomba simu, akatazama na kutazama. Kisha akaanza kucheka, meno hana lakini cheko lote lilikuwepo. "Huyu namukumbuka! Baba alikuwa anamusema nyumbani! 'Ule mutu wa Sange, moto unazima yeye anatafuna.' Kumbe ndiye aliyekuwa anaharibu injini!" Akamgeukia tena mtu wa ukutani, sauti imelainika. "Nisamehe, baba. Kumbe ulikuwa unalala njiani kweli."

"Bila kuni dereva wenu angefika wapi?" shangazi akamjibu. "Angesukuma na masharubu?"

Hapo mambo yakarudi mahali pake. Msemaji alisimama, akakohoa, akasema kwamba ndama wao amepatikana, na zaidi ya hapo wamegundua wenye zizi wanawadai kuni za zamani. Nikajibu kwamba kuni tumesamehe, mradi ndama asije akazimisha moto. Pazia likafunguliwa. Binti akatoka, akapita mbele ya wazee kwa adabu zote, na alipofika kwangu aliinama kunisalimu na kuninong'oneza, "Baba mudogo, si nilikuambia treni uache?" Lakini mkono wangu aliubana kwa nguvu, na hakuuachia mara moja.

Walipoondoka walimchukua dereva wao. Nilimwondoa mwenyewe kwenye msumari, nikampangusa mara ya mwisho, nikampa bibi yake kijana, naye akambeba kifuani mpaka garini, fremu ya dhahabu na yote. Nyakati nyingine asubuhi shangazi bado hujikokota mpaka ukutani, anapapasa, anakuta hewa, anacheka peke yake. Nimemwahidi kwamba nitashuka mjini kumtolea baba yake halisi, muwa, masikio na kuni. Nitashuka. Niko njiani.

Jirani alibaki siku ile kunisaidia kuosha vyombo. Alipomaliza alisimama sebuleni akijifuta mikono, akaitazama ile alama nyeupe iliyobaki ukutani, kisha akanitazama mimi, kama alivyofanya siku ya kwanza.

"Siku ingine imefika," akasema. "Mi nilijua tangu mwanzo: mutu muzuri vile hawezi kuwa babu yako."